Neno moja linaloweza kuzima tawi zima: kubadilisha swichi na rauta ukiwa mbali

Kuongeza mtandao wa wageni kwenye tawi lililo mkoa mwingine hakuhitaji safari. Fundi anaingia kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta na simu za ofisi kwenye mtandao, kwa SSH (njia salama ya kutuma amri ukiwa mbali), anaandika mistari michache ya amri, kazi imekwisha. Hatari yake ni kwamba njia anayopitia kuingia ndiyo hiyo hiyo anayoibadilisha.

Neno linaloangusha wengi kwenye swichi za Cisco ni `add`. Tuseme poti inayokwenda kwenye rauta inabeba VLAN kadhaa, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya vifaa vile vile: 10 ya ofisi, 20 ya simu na 99 ya usimamizi, nawe unataka kuongeza 30 ya wageni. Amri sahihi ni hii:

`switchport trunk allowed vlan add 30`

Ukiandika `switchport trunk allowed vlan 30`, swichi inafuta orodha yote na kubakiza 30 peke yake. Ofisi inakatika, simu zinanyamaza, na kwa kuwa uliingia kupitia VLAN 99, dirisha lako linaganda hapo hapo. Hutaona ujumbe wowote wa kosa, maana kwa swichi amri hiyo ni halali kabisa.

Kinga yake ipo na haigharimu kitu. Kwanza hifadhi mipangilio iliyopo kwa `copy running-config startup-config`, kisha andika `reload in 10`, ndipo uanze mabadiliko. Ukijifungia nje, subiri: dakika 10 zikiisha swichi itajiwasha upya na kusoma mipangilio uliyohifadhi mwanzo. Kwa hiyo usihifadhi tena mpaka uhakikishe. Ukihifadhi mapema, swichi itaamka na kosa lile lile.

Hakikisha kwa `show interfaces trunk`, na mwombe mtu wa pale tawini afungue tovuti na apige simu. Mambo yakiwa sawa, andika `reload cancel`, halafu hifadhi. Hapo kwenye `reload cancel` ndipo watu husahau, na swichi inajizima katikati ya kazi pamoja na simu na kamera zote zinazopata umeme kutoka kwake. Ndiyo maana tunawaomba wateja watupe muda baada ya saa za kazi, hata kwa badiliko la dakika tano.

Rauta za MikroTik hazifanyi hivyo. Mfumo wake, RouterOS, huhifadhi kila mstari papo hapo, kwa hiyo kuiwasha upya hakurudishi kitu. Humo tumia Safe Mode, hali ya tahadhari: bonyeza Ctrl+X, na utaona `<SAFE>` karibu na mahali pa kuandikia. Muunganisho ukikatika, rauta yenyewe inatengua ulichofanya, ingawa inaweza kuchukua kama dakika 9 kutambua kwamba umepotea. Vumilia. Ukimaliza salama, bonyeza Ctrl+X tena ili mabadiliko yabaki, Ctrl+D inayatupa. Usibandike hati ndefu ya amri ukiwa humo, kwani rauta hukumbuka vitendo 100 hivi tu vya karibuni, na ukizidisha kinga hiyo inaondoka. Na kabla ya yote, toa nakala kwa `/export file=kabla`, kisha uipakue kwenye kompyuta yako; ikibaki ndani ya rauta haitakusaidia rauta ikiharibika.

Mambo yakiharibika kabisa, kinachobaki ni kebo ya konsoli, inayounganisha kompyuta moja kwa moja na kifaa bila kupitia mtandao. Kwa kawaida Cisco huzungumza kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, MikroTik 115200. Ukiona herufi za ajabu ajabu kwenye skrini, badilisha kasi kabla ya kulaumu kebo. Tunashauri kila tawi liwe na kebo yake ndani ya kabati la mtandao, pamoja na adapta ya USB iliyokwisha kujaribiwa kwenye laptopu ya hapo hapo.