Chai za huku Kericho

Kericho,
Jumapili, magharibi

Shoga yangu mpenzi,

Asalam aleikum. Natumai wewe na watoto hamjambo, na mama anaendelea vyema na mguu wake. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ndiyo rafiki yangu siku hizi. Leo mvua ya mawe imeanza alasiri, ikapiga mabati hata redio sikuisikia. Nimebandika birika, nikasema leo sharti nikujibu.

Waniuliza kama nimezoea chai ya huku. Nimeizoea, tena si moja.

Asubuhi ni ya maziwa. Mama mwenye nyumba huchanganya maji na maziwa nusu kwa nusu, akatia majani, akaacha vyote vichemke pamoja mpaka vifure mara mbili tatu. Hapana iliki, hapana mdalasini wala tangawizi. Wiki ya kwanza niliona kama chai imesahauliwa njiani. Kisha nikaonja kwa utulivu: maziwa yamekamuliwa alfajiri ile ile, mazito, yana utamu wao wenyewe. Viungo vingeyafunika. Sasa tangawizi naitia nikiwa na mafua tu.

Mchana nanywa mkandaa, chai ya rangi isiyo na maziwa. Huku wao huiita strungi. Niliwaambia wenzangu kazini kwamba kwetu imepewa jina la mti wa mikokoni, ule ambao gome lake hutoa rangi nyekundu, na kila mmoja akainua gilasi yake kuitazama upya.

Lakini jioni ndiyo ninayotaka kukueleza. Nilinunua chai ya kijani, nikaipika kama tunavyopika mkandaa: sufuria, moto mkali, ichemke hadi ikolee. Shoga, ilikuwa chungu kama mwarobaini! Nilikuwa karibu kuimwaga pakiti nzima. Jirani yangu, ambaye amechuma majani tangu usichana wake, akanizuia. Akachemsha maji, akayaepua, akayaacha yapoe kidogo, ndipo akayamimina juu ya majani. Dakika mbili, akachuja. Nilikunywa kitu chepesi, chenye harufu ya nyasi baada ya mvua, na sikutia hata chembe ya sukari. Mimi, ambaye unanijua kwa vijiko vitatu!

Yeye ndiye aliyenifahamisha kwamba nyeusi, kijani na nyeupe zote ni mti mmoja. Wanachuma majani mawili na chipukizi lake, na kinachofuata ndicho kinachoamua. Ya kijani hupigwa moto au mvuke mapema yasigeuke rangi. Ya mkandaa huachwa yashike hewa mpaka yawe ya kahawia, kama bilingani ukilikata ukaliacha mezani. Mengi ya hapa hupita kwenye mashine zinazoyaponda na kuyararua yawe punje ndogo, ndiyo maana yanatoa rangi upesi na hayashindwi na maziwa. Ile nyeupe ni machipukizi machanga yaliyokaushwa tu, na ni ghali, nimeionja mara moja.

Halafu kuna ya zambarau. Aina hii ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa hapa hapa Kericho, na majani yenyewe shambani yana wekundu wa zambarau, utayajua kwa mbali. Ikitengenezwa kama ya kijani, maji yake huwa na kiwingu cha zambarau. Ikamulie ndimu uone: inageuka ya waridi mbele ya macho yako. Watoto wako wataipenda.

Nikiwa na kikombe hicho mkononi nilimkumbuka marehemu baba yako, Mungu amrehemu. Wakumbuka alivyorudi kutoka maghala ya Shimanzi, shati lake limejaa vumbi la chai, nasi tukimkimbilia kumnusa? Mnada wa chai ulishahamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, kwa hivyo magunia ya Uganda, Rwanda, Burundi na Malawi yote yalipita mabegani mwake. Alikuwa akimimina majani kidogo kiganjani, akayasugua kwa kidole gumba, akanusa, akasema, "Hii ya juu, ya baridi." Tulidhani anatuchezea. Juzi jirani yangu alifanya vile vile, kidole gumba kile kile, nami nikashindwa kujizuia, machozi yakanitoka. Alikuwa akijua kweli, shoga. Harufu aliyotuletea nyumbani kila jioni inaanzia hapa ninapolala.

Nimekufungia kifurushi, kitafika kwa basi la Ijumaa. Mna pakiti ya kijani, ya zambarau, na mfuko wa punje ambao mama atautambua. Ya kijani usiichemshe, nakuomba. Na mama umpe ile ya punje kwanza, aimimine kiganjani kabla hujapika, kisha uniandikie amesema nini.

Nawe unitumie iliki za soko la Marikiti huko Mombasa, zile kijani zilizojaa, maana za huku ni maganda matupu. Nataka kumpikia mama mwenye nyumba chai ya kwetu siku ya Idi, na mahamri nimeshajifunza kuyakanda kwa maziwa badala ya tui.

Wasalimie wote, na mbusu mama mkono kwa niaba yangu.

Ni mimi shoga yako wa Mji wa Kale