Usiuze kinanda kwanza

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Umeona? Bado nakumbuka zile barua tulizokuwa tukimwandikia yule dada wa darasa la juu, wewe unatunga, mimi naandika, maana mwandiko wako ulikuwa kama kuku kakanyaga wino akapita. Haya, salamu zimekwisha.

Ujumbe wako nimeupata. Maneno kumi na moja, nimeyahesabu: "Wamenitoa kwenye wanachama. Kuanzia mwezi ujao mimi ni deiwaka. Kinanda nauza." Mwaka mzima kimya, halafu maneno kumi na moja, hata "shikamoo kaka" hakuna. Nilishika simu nikupigie, nikaiweka chini. Nikikasirika naropoka, unanijua. Bora niandike.

Usiuze. Angalau usiuze kabla hujamaliza kusoma, na barua zangu unajua urefu wake.

Kuna mtu nataka nikusimulie habari zake. Rick Wright, mpiga kinanda wa Pink Floyd. Najua umeshaguna, "huyu na wazungu wake wa roki tena." Vumilia. Hilo lililokupata wewe mwezi huu, kutolewa kwenye wanachama wa bendi na kubaki kibarua wa kulipwa tu, lilimpata yeye mwaka 1979, tena kwenye bendi aliyoianzisha mwenyewe.

Alizaliwa pembezoni mwa London, tarehe 28 Julai 1943. Alipokuwa na miaka 12 alivunjika mguu, na siku zile za kukaa ndani akajifundisha gita, tarumbeta na piano. (Wewe ulipovunjika mkono ulijifundisha nini? Kulalamika.) Mwaka 1962 akaenda chuo kusomea usanifu wa majengo, akakutana na Roger Waters na Nick Mason, wote wanafunzi wa usanifu. Majengo yakasahaulika, Syd Barrett akaja, na ilipofika 1965 jina la Pink Floyd likapatikana. Kwa hiyo elewa: huyu hakuajiriwa. Alikuwepo tangu kabla ya jina.

Na unajua alikuwa anapiga namna gani? Kama wewe. Hakukimbizana na mtu. Enzi zile wenzake wa bendi nyingine walikuwa wanapiga noti mia kwa pumzi moja ili watu wapige makofi. Yeye anaweka kidole kimoja, ananyamaza, anasikiliza. Ule wimbo wao wa zaidi ya dakika 23 wa mwaka 1971, "Echoes", unaanza na noti moja tu ya piano. Moja! Ila aliipitisha kwenye spika ya Leslie, ile yenye mdomo unaozunguka ndani ya kabati, sauti ikawa inakuja na kwenda kama tone linaloangukia majini mbali sana. Ukiisikia huwezi kuisahau. Na kwenye albamu yao kubwa ya Machi 1973, The Dark Side of the Moon, kuna kodi moja (kodi ya vidole, noti kadhaa kwa mpigo mmoja, si ya mwenye nyumba) ambayo alisema mwenyewe aliiokota kwa Miles Davis, kwenye albamu yake Kind of Blue. Mtu wa roki anaiba kwa watu wa jazi, tena anajitangaza! Ndiyo maana nampenda.

Muziki wa "Us and Them" kwenye albamu hiyohiyo ulianzia kwake. Kilikuwa kipande cha piano alichokitunga kwa ajili ya filamu ya Antonioni, Mwitaliano, naye akakikataa. Kikalala miaka kadhaa, halafu kikafufuka kikawa kati ya nyimbo nzuri kuliko zote walizowahi kutoa. Nakumbuka kile kipande chako ulichonipigia usiku ule umeme umekatika, ambacho kiongozi wenu alisema "hakina mdundo". Kiko wapi sasa? Usiniambie umekifuta.

Ngoja nirudi kwenye 1979. Walikuwa wanarekodi The Wall. Wright alikuwa hana mchango mkubwa kipindi kile, hilo hata yeye hakulikana. Nyumbani ndoa inayumba, studio Waters ameshika usukani peke yake, na jamaa akizidiwa hujifungia ndani kama kobe. Kampuni ya rekodi ikataka albamu imalizwe mapema, yeye yuko likizo Ugiriki, akagoma kuikata. Hapohapo Waters akataka aondoke. Wright hakupigana. Alikubali amalize kazi, atoke kwenye wanachama, kisha apige kwenye maonyesho ya albamu ile kwa malipo. Deiwaka, ndugu yangu. Deiwaka kwenye bendi yake mwenyewe.

Sasa sikiliza kichekesho chenyewe. Maonyesho yale ya 1980 na 1981 yalikuwa na ukuta mkubwa uliojengwa jukwaani mbele ya bendi wakati wanapiga, matofali juu ya matofali, kila usiku. Gharama zake zilikuwa za kutisha, wakaweza kuyapeleka miji minne tu. Hasara ikawaangukia wanachama watatu waliobaki, Waters, Mason na mpiga gita Gilmour. Mwenye mshahara akachukua mshahara wake. Kati ya wote wanne, aliyeondoka na faida ni yule waliyemfukuza!

Nilipokisimulia kisa hiki nyumbani kila mtu alicheka, na Mjomba akasema, "Basi mwambie akubali udeiwaka, ni salama." Sikubaliani na Mjomba. Umeshamsikia akitoa ushauri gani ukaleta heri? Faida ya miezi ile haikuwa kitu mbele ya kilichofuata. Mwaka 1983 wakatoa albamu ambayo Wright hayumo kabisa, ya kwanza ya namna hiyo, na kwangu mimi ni kavu kama kuni za kiangazi. Maneno mengi, hewa hakuna. Yeye naye akatoa albamu na mwenzake mmoja mwaka 1984, akaja kuiita kosa. Waters alipojitoa na wenzake wakaanza upya, 1987 Wright akarudi, lakini mkataba aliousaini wakati anatoka ulimfunga: akarudi kama mtu wa mshahara tena, na picha ndani ya albamu ni ya watu wawili. Alipokuja kuonekana tena kama mwenzao, ana nyimbo zake na sauti yake inasikika, ni 1994. Hesabu mwenyewe. Miaka 15 kurudi kwenye kiti chake.

Ndiyo maana nasema usiuze, na pia usisaini. Hasa usisaini ukiwa na hasira, kwa sababu najua utasaini ili waone huna shida nao.

Sasa kuna jambo nimelizungukia tangu mwanzo wa barua hii, na wino unaniishia.

Miaka mitatu niliyokaa kwenye mitambo yenu ya sauti, kiongozi wenu alikuwa ananipa ishara. Kidole chini, hivi, pembeni ya paja, watu wasione. Nami nashusha kinanda chako. Si mara moja. Karibu kila shoo, hasa solo la gita likianza. Ukishuka jukwaani unakuja kwangu na jasho lako, unaniuliza, "Leo nimesikika?" Nami nakwambia, "Freshi kabisa." Kila mara. Nilikuwa naogopa kibarua changu, ndiyo ukweli, sina wa kupambia. Ulikuwa unafurahi ukisikia nimesema vile, unajua? Ndiyo inayoniuma. Kwa hiyo wanaposema leo kwamba kinanda hakisikiki kwenye bendi, eti watu hawatambui kama upo au haupo, nami nina mkono wangu humo.

Nitukane ukipenda. Ila soma kwanza hili lingine.

Nilikuwa bado na ile rekodi yetu ya mwisho, kila chombo kwenye laini yake. Juzi usiku nilivaa spika za masikioni nikazima laini ya kinanda. Loo! Gita likawa linapiga kelele kama mtu aliyepotea sokoni. Besi na drams kila mmoja na safari yake. Mwimbaji, ambaye unajua mimi simpendi sana, akasikika anavyopwaya katikati ya beti ya pili, mahali ambapo siku zote wewe ulikuwa unamshika kwa mkono wa kushoto na hakuna aliyejua. Nikairudisha laini, wimbo ukakaa chini, ukatulia. Nimetengeneza nakala mbili, yenye kinanda na isiyo nacho. Nataka uzipeleke kwenye kikao chenu, usiseme neno, uwawekee tu ile isiyo nacho kwanza. Au nije nizipeleke mimi. Ningependa nije mimi, na lile la kidole chini nilisemee palepale mbele ya mwenyewe.

Na jambo la pili, la karatasi. Kwenye The Dark Side of the Moon kuna wimbo mwingine wa Wright, piano yake na sauti ya mwanamke isiyo na maneno. Mwanamke yule, Clare Torry, aliitwa studio Jumapili moja akalipwa paundi 30. Akaimba kile kilichomjia moyoni, akaenda zake. Albamu ikauzwa dunia nzima. Mwaka 2004 ndipo alipokwenda mahakamani kudai kwamba na yeye ni mtunzi, mwaka uliofuata wakapatana na jina lake likawekwa. Miaka zaidi ya 30! Sasa zile nyimbo zenu nne ambazo mwanzo wake ni wako, jina lako limeandikwa wapi? Kwenye daftari la Bonge? Daftari la Bonge nililiona mimi likiwa limefunikia sufuria.

Wote wanne walipanda jukwaa moja tena tarehe 2 Julai 2005, pale Hyde Park, London, baada ya miaka 24. Nimeitazama mara nyingi. Wright yuko pembeni, nywele zimekuwa mvi, anatabasamu kidogo tu, vidole havina haraka. Alifariki Septemba 2008 kwa saratani, ana miaka 65. Gilmour, mpiga gita, ndipo akasema kwamba katika zile kelele za kugombania nani ndiye Pink Floyd, mchango wa Rick ulikuwa unasahauliwa. Na ule wimbo wa noti moja ameacha kuupiga jukwaani, hawezi kuupiga bila yeye. Maneno mazuri, lakini mwenyewe hakuwepo kuyasikia. Mimi yangu nimeamua uyasome sasa, ukiwa mzima na hasira zako.

Basi nijibu, tena si kwa maneno kumi na moja. Kikao ni lini hasa? Karatasi wameshakuletea, au bado ni maneno ya mdomo? Mpiga drams anasemaje, yuko upande wako au anaangalia chini kama kawaida yake? Mama yako ameshajua? Umenikasirikia kiasi gani, nije na zawadi au nije na kofia ngumu? Kile kipande cha usiku wa umeme kukatika unakikumbuka bado? Na huyo mnunuzi ni nani, ameshatoa chochote? Kama ametoa, mrudishie leo, nitakutumia.

Bonge ameniambia atapita kwako kuchukua kebo anazodai ni zake. Usimpe, ni zangu.

Wako mwenye kidole chini