Mchoraji wa kahawa kanigusa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi binti yangu kanionyesha kwenye simu picha za mchoraji mmoja kijana, kila picha ni aina ya kahawa na maisha ya siku hizi, yani arabika kaichora dada wa ofisini na laptopu yake ndani ya daladala, robusta ni dereva wa bodaboda macho makavu saa tisa usiku, nikasema huyu kahawa anaijua, maana robusta kweli ina kafeini karibu mara mbili ya arabika.

Mi nimekulia Bukoba, kwetu robusta haiishii kwenye kikombe, inachemshwa na majani ya kunukia, inakaushwa, mgeni akifika anapewa atafune. Hiyo sijaiona kwenye picha zake. Wala dele la muuza kahawa wa Kariakoo na vikombe vyake vinavyogongana, kashata pembeni. Namwomba sana achore na hizo, tena achore N39 na KP423, mibuni ya zamani ambayo wakulima wa Kilimanjaro wanaijua kwa majina. Na nyie gazetini mpeni ukurasa mzima, wa rangi.

Msomaji wenu, Mwanza