Mheshimiwa Waziri wa Elimu, habari tunaisomea Kiingereza, tunaitangaza Kiswahili

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Shikamoo Mheshimiwa. Mimi ni mhariri wa habari katika redio moja mjini Morogoro. Kila mwaka vyuo vikifunga napokea wanafunzi wa fildi wanaosomea shahada ya mawasiliano ya umma.

Mwaka jana nilimtuma mmoja wao Soko la Mawenzi, bei ya nyanya ilikuwa imepaa. Alirudi na sauti safi kabisa. Mama mmoja anasema kwenye kinasa: "Mvua haijakata wiki mbili, gari haipandi Mgeta, matenga yanashuka kichwani." Habari yote ilikuwa hapo. Kijana akakaa, akaandika, akaniletea hii: "Wafanyabiashara wa nyanya wameelezea wasiwasi wao kufuatia changamoto za miundombinu, hii inakuja wakati ambapo..." Nikamuuliza, yule mama wa matenga yuko wapi humu? Akainama. Baadaye akaniambia taratibu kwamba huwa anaiandika kwanza kichwani kwa Kiingereza, kama alivyofundishwa darasani, ndipo anaigeuza.

Sikumcheka. Nami nilianza hivyohivyo, na mhariri wangu wa kwanza alinirudishia karatasi ikiwa nyekundu juu mpaka chini.

Kwenye tasnifu yangu ya shahada ya kwanza nilihoji mama lishe kuhusu redio wanazosikiliza. Tuliongea Kiswahili, na kingine kingekuwa kipi? Mmoja akaniambia, "Redio inanisogezea siku." Chuoni ilibidi niitafsiri, na kwa Kiingereza changu kile nikaandika kwamba redio humpa burudani. Hakusema hivyo. Yule mama alikuwa anaamka saa tisa usiku kukanda unga wa chapati. Burudani ataitoa wapi? Msimamizi akapiga vema, nikapata alama zangu, na maneno ya mama yakabaki kwenye daftari langu.

Bunge lilipopitisha Sheria ya Huduma za Habari mwaka 2016 liliamua kwamba mwandishi awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo, na kanuni za 2017 zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Wapo wakongwe wenye sauti na kalamu ambao cheti hawakuwa nacho, lakini hayo tuyaache. Darasa silipingi hata kidogo. Ila kama sheria inamlazimisha kijana kupita darasani, basi darasa limfundishe kazi atakayokwenda kuifanya. Na kazi hiyo, ukiondoa Daily News, The Citizen na wenzao wachache, ni ya Kiswahili: Uhuru, Mwananchi, Nipashe, HabariLeo, redio za mikoani. Hata akibahatika kwenda BBC au DW, mlango ulio wazi kwake ni wa Idhaa ya Kiswahili. Bungeni mwenyewe unajibu maswali kwa Kiswahili.

Najua nitaambiwa vitabu viko Kiingereza. Ni kweli. Nadharia ya uwekaji ajenda ilitoka Marekani mwaka 1972, na watafiti walioiandika, McCombs na Shaw, hawakuwa na Morogoro mawazoni. Lakini kuieleza ni dakika tano: jambo linalopewa ukurasa wa mbele kila siku, watu huanza kuliona ndilo kubwa. Muuza magazeti wa stendi ya Msamvu ataielewa. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inafundisha kwa Kiswahili tangu 1970, na watu wanapata uzamivu kwa lugha hiyohiyo. Mahakama nazo, ambako tuliaminishwa kwamba sheria haisemeki bila Kiingereza, Bunge lilizibadilishia lugha mwaka 2021.

Ombi langu ni dogo. Masomo ya uandishi wa habari, uhariri, makala na utangazaji yafundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili, na mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu yake kwa Kiswahili aruhusiwe. Kiingereza kibaki, tena kifundishwe kama lugha kwa saa nyingi kuliko sasa, maana ripota asiyeweza kusoma mwenyewe ripoti ya Benki ya Dunia ataishia kusimuliwa na msemaji wa wizara. Mitaala hupita kwenye seneti za vyuo na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na huko kote neno lako linasikika.

Yule kijana tulikaa naye mpaka karibu na taarifa ya saa kumi jioni. Tukafuta aya yote, tukaanza na sauti ya mama na mvua yake, akaisoma mwenyewe hewani bila kujikwaa. Wiki iliyofuata akarudi chuoni. Juzi kanitumia ujumbe: ripoti ya fildi anatakiwa kuiandika kwa Kiingereza, na anauliza "tenga" aliite nini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhariri wa habari, Morogoro.