Kukwaruza kioo si ushahidi wa almasi

Mhariri,

Naomba nafasi niwaonye wanaonunua "almasi" mkononi kwa madalali hapa Dodoma. Mimi ni sonara, meza yangu iko karibu na soko la Majengo. Mawe meupe ninayoletewa huja na maelezo yaleyale: limetoka Mwadui, na limekwaruza kioo mbele ya mnunuzi. Mgodi wa almasi wa Mwadui upo tangu 1940, kwa hiyo jina hilo tu linatosha kumlainisha mtu. Lakini kioo hukwaruzwa hata na kwatzi, hilo jiwe jeupe linalookotwa vilimani huku kwetu. Topazi inakikwaruza, na zirkonia, jiwe la kiwandani linalofanana na almasi, pia.

Kinachoniuma zaidi ni nyundo. Watu wanaamini almasi halisi haivunjiki, basi wanaigonga. Hakuna kito kinachoishinda almasi kwa ugumu wa kutokwaruzika, ila ina njia zake za kupasukia, na ikipigwa hapo inapasuka. Mtu anaharibu mali yake mwenyewe kisha anaitupa akidhani ni chupa.

Jiwe lililokatwa, kama halijapachikwa kwenye pete, mimi naanza na mizani. Zirkonia yenye ukubwa sawa na almasi huizidi uzito kwa zaidi ya nusu. Nikiona viputo vya hewa ndani, hicho ni kioo.

Inayosumbua ni moisanaiti, jiwe jingine la kiwandani linalofanana na almasi, maana kile kipimo cha mfano wa kalamu, kinachopima jinsi jiwe linavyopitisha joto, huikubali kama almasi. Juzi binti anayejiandaa kuolewa aliniletea pete iliyopimwa hivyo dukani. Nilimpa lenzi ya kukuza mara kumi, nikaiinamisha pete kidogo, akaona mwenyewe kingo za upande wa nyuma wa jiwe zikitokea mbilimbili. Almasi haifanyi hivyo. Mchumba wake alikuwa amelipa bei ya almasi, na risiti imeandikwa "pete" basi.

Tume ya Madini ina makao yake makuu hapa hapa Dodoma. Naiomba iweke utaratibu ili mwananchi mwenye pete moja, asiye na leseni yoyote, apimiwe jiwe lake kwa ada inayojulikana na apewe karatasi. Na maduka yalazimishwe kuandika jina la jiwe kwenye risiti. Anayeuza moisanaiti aandike moisanaiti.

Fundi sonara,
Majengo, Dodoma