Majina ya utani ya Star Trek na Star Wars hayapimwi kwa wingi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nimjibu msomaji wa Bukavu aliyeandika, katika toleo lililopita, kwamba kati ya hadithi hizi mbili za safari za anga, kwa majina ya utani ya wahusika Star Wars imeiacha Star Trek mbali sana, kwa kuwa inayo mengi zaidi na ni matamu kutamka. Sisi wa Lubumbashi tumeulea ubishi wa pande mbili tangu utotoni, maana hapa mtoto huulizwa kama ni wa Mazembe au wa Lupopo, klabu zetu mbili za soka, kabla hajaulizwa yuko darasa la ngapi. Kwa hiyo simlaumu kwa kuchagua upande. Ninachokikataa ni kipimo chake.

Nimkubalie kwanza jambo moja. Tangu filamu yake ya kwanza ya mwaka 1977, Star Wars ina ulimi mwepesi. Chewbacca, yule jitu mwenye manyoya mwili mzima, huitwa Chewie, mtoto Anakin huitwa Ani, naye Leia hata hajafahamiana vizuri na Chewbacca, tayari ameshamwita zulia linalotembea. Sisi tulioziona filamu hizo kwa Kifaransa tuliongezewa mengine, kwani waliozitafsiri walimgeuza Chewie kuwa Chico, Han akawa Yan, na Darth Vader akawa Dark Vador, jina ambalo mpaka leo nikilitamka mbele ya wanangu wananicheka. Lakini mengi ya majina hayo ni ufupisho tu au maneno ya kutaniana, na ukiyaondoa, mhusika anabaki alivyokuwa.

Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa Septemba 1966, mwaka ule ule Elisabethville ilipoanza kuitwa Lubumbashi, haina mengi, ila hayo machache yamebeba historia. Nahodha Kirk humwita daktari wake Bones, yaani Mifupa, kutokana na neno la zamani la Kiingereza la kumtania daktari mpasuaji kuwa ni mtu wa kukata mifupa kwa msumeno. Katika Deep Space Nine, mfululizo mwingine wa Star Trek, kamanda Sisko humwita Jadzia Dax, mwanamke ambaye bado ni kijana, "mzee", kwa sababu kiumbe aishiye ndani yake aliwahi kuishi katika mwili wa Curzon, mtu mzima aliyekuwa rafiki na mwalimu wa Sisko. Asiyeijua safari hiyo atadhani Sisko amekosea. Anayeijua husikia urafiki wote wa miaka ile katika neno moja.

Hata hivyo, hoja yangu kubwa iko pale hadithi hizi mbili zinapokutana na mtu aliyepewa namba badala ya jina. Katika filamu ya Star Wars ya mwaka 2015, askari FN-2187, aliyechukuliwa kutoka kwa wazazi wake akiwa mdogo, anatoroka pamoja na rubani Poe Dameron. Rubani huyo, anaposikia kwamba mwenzake hana jina jingine, anazishika zile herufi mbili za mwanzo, anamwita Finn, na anamuuliza kama ameridhika. Ni jambo la sekunde chache tu, nalo ni zuri. Waandishi wa Voyager, nao ni mfululizo wa Star Trek, walichagua njia ngumu zaidi. Seven of Nine, yaani Saba kati ya Tisa, alitekwa akiwa mtoto wa miaka sita na Borg, viumbe nusu mashine wanaowageuza mateka kuwa kama wao, na akatengwa nao na Nahodha Janeway katika vipindi vya mwaka 1997. Jina alilopewa na wazazi wake, Annika Hansen, halikupotea, na Janeway alikuwa tayari kulitumia. Mwenyewe hakulitaka. Alichokubali ni namba yake ifupishwe tu, akawa Seven.

Rafiki zangu huona hiyo ni kasoro ya hadithi, kwa kuwa hawaelewi vipi mtu aliyeokolewa aendelee kubeba namba ya waliomteka. Mimi sikushangaa. Marehemu baba yangu alifanya kazi miaka mingi katika kampuni moja ya migodi, ambako siku ya mshahara mtu aliitwa kwa matrikule yake, yaani namba ya mfanyakazi, wala si kwa jina, na alikuwa akirudi nyumbani akinung'unika kwamba wanamwita kama gunia la stooni. Alipostaafu, aliichora namba ile ile kwa rangi nyeupe kwenye baiskeli yake. Siku moja nilianza kuikwangua nikidhani namfurahisha, akaninyang'anya kisu na kusema, "Miaka hiyo ni yangu, si yao."

Kwa haki, Star Wars nayo imewahi kuligusa jambo hili katika mfululizo wa katuni wa The Clone Wars, ambamo askari mmoja ambaye namba yake huishia kwa 5555 huitwa Fives, yaani Matano. Kama ndugu yetu wa Bukavu angemtaja huyo badala ya Chewie, barua hii ingekuwa fupi zaidi.

Lakini bado angelazimika kunijibu kuhusu Nahodha Shaw wa Star Trek. Katika msimu wa mfululizo wa Picard uliotoka mwaka 2023, Seven ndiye msaidizi wa Shaw, naye Shaw anang'ang'ania kumwita Kamanda Hansen, na Seven anavumilia kwa kuwa cheo ni cheo. Anapokata roho, nahodha huyo anamkabidhi chombo, na safari hii anamwita Seven of Nine.

Msomaji wenu wa komini ya Kenya,
Lubumbashi