Fyekeo lisubiri mbegu zidondoke

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie uwanja wa nyasi wa jamii yetu, ambao tuliamua kuurudishia mimea yake ya asili kwa ajili ya nyuki, vipepeo na wadudu wengine wanaochavusha maua. Kupanda tulipanda vizuri. Kilichotushinda ni kusubiri. Mimea mingi ya asili inayoishi miaka kadhaa hutumia mwaka wa kwanza kujenga mizizi, na juu ya ardhi huonekana kama magugu tu. Watu wakalalamika kwamba uwanja umegeuka pori, na siku moja, maua ya kwanza yakiwa ndiyo yanachanua, tukakuta yote yamefyekwa kwa jina la usafi.

Mchana ule nilimwona nyuki mdogo, miguu ya nyuma imejaa chavua ya manjano, akiingia katika kitundu chembamba kama penseli kwenye kiraka cha udongo mtupu. Wengi wetu tukitajiwa nyuki huwaza mzinga na asali, ilhali duniani zinajulikana takriban spishi 20,000 za nyuki, ambazo nyingi huishi mmoja mmoja bila mzinga, na sehemu kubwa yao huchimba viota ardhini. Kiraka hicho, ambacho baadhi yetu walitaka kukifunika kwa matandazo, ni makazi, na kiachwe kilivyo.

Mbolea nayo isiletwe. Udongo ukirutubishwa, nyasi ndefu hunawiri na kuyasonga maua ya mwituni, ambayo mengi yamezoea ardhi hafifu. Ndiyo maana hata majani yaliyofyekwa yanapaswa kuondolewa, yasiachwe kuozea papo hapo.

Sipingi kufyeka. Uwanja ukiachwa kabisa, vichaka huuteka. Ninachoomba ni kwamba tufyeke mara moja kwa mwaka, mbegu zikishakomaa na kudondoka, na tuache sehemu moja kila mara kwa ajili ya viwavi na mayai yaliyobaki kwenye mashina. Kingo za njia zifyekwe mara kwa mara, kwa sababu hofu ya nyoka ni ya kweli na haifai kubezwa.

Na anayeshika fyekeo aitwe kikaoni. Safari iliyopita hakuna aliyemwambia lolote.

Msomaji wako